Majaribio Thelathini na Moja

Siku msimamizi wa masomo ya Dada alipokuja dukani bila taarifa, nilikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Nilisikia kila neno, kwa sababu kati ya upande wangu na wa Dada kuna pazia tu. Upande mmoja ni saluni yangu, wa pili ni cherehani zake mbili na meza ya kukatia. Tumekaa hivyo miaka kumi na minne, na hatugombani zaidi ya mara mbili kwa siku.

"Sura ya nne nimeisoma," msimamizi alisema. Ni mtu mpole, hapandishi sauti, na watu wa namna hiyo ndio wanaonitisha. "Umeandika kwamba ulifanya majaribio thelathini na moja kabla ya kupata blauzi ya kwanza inayovalika. Mtihani ni baada ya wiki sita. Watahini watataka kuyaona hayo majaribio mezani."

"Hayapo," Dada akasema.

"Hayapo kivipi?"

"Nimeyafumua, Mwalimu. Kitambaa nikakitumia tena."

"Yote?"

"Yote."

"Na picha?"

Picha nazo hakupiga. Namjua, aibu yake aipige picha ili iweje? Nikasikia kiti cha msimamizi kikilia.

"Mficha uchi hazai, Fundi," akasema mwishowe. "Sasa hivi una nguo kumi na mbili nzuri na hadithi. Shahada hii haitolewi kwa nguo nzuri."

Mteja wangu akaniuliza mbona nimesimamisha kazi.

Inabidi nieleze, maana hata mimi ilinichukua miaka kuelewa. Dada alikuwa anasomea shahada ya uzamivu, ile inayompa mtu haki ya kuitwa daktari hata kama hajui kupima homa. Na si uzamivu wa vitabu peke yake. Huu wake ni wa ubunifu wa mavazi, na ni wa kutenda: unatengeneza vitu, unaviweka ukumbini vitazamwe, halafu unaandika kitabu cha kueleza mikono yako ilipita wapi mpaka ikafika. Watahini hawaridhiki kwamba umefika. Wanataka nyayo. Ukikosea, kosa lako ni mali, unalitunza na kuliandikia tarehe. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilidhani Dada ananitania.

Dada alikuwa amefuta nyayo zake zote kwa wembe, na hakufanya hivyo kwa ujanja. Ndivyo tulivyolelewa. Mama yetu alikuwa fundi nguo, na nyumbani kwake kosa halikulala. Ukikosea mshono, unafumua kabla ya kula, hata kama ni pindo la kitambaa cha kufutia vyombo. Mimi nilifumua mpaka nikakata tamaa, nikakimbilia kwenye nywele, ambazo ukizikosea zinaota tena. Dada alibaki. Akiwa na miaka kumi alishona kola. Akiwa na ishirini watu walimwita Fundi barabarani, na Mama akajifanya hasikii. Sifa niliyosikia Mama akimpa ni moja tu, kwamba nguo ya huyu mtoto ukiigeuza huwezi kujua ndani ni upi na nje ni upi. Dada aliila sifa hiyo miaka mingi.

Halafu Mama akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, ukabaki wa kushoto. Mwanamke aliyewashonea watu nguo za harusi akawa anavalishwa na binti zake, na kila asubuhi tulipomwinua kwapa alilia kwa hasira. Dada akaanza kutafuta blauzi ambayo mtu mwenye mkono mmoja anaweza kuivaa mwenyewe bila kuita mtu. Ilimchukua miezi minane. Bega moja linafunguka kwa mbele, kwapa limeshushwa, vifungo ni vikubwa na vimekaa pale mkono mzima unapofika bila kujipinda. Kila jaribio lililoshindwa alilifumua kabla Mama hajaamka, asije akaliona. Siku ile ilipokubali, Mama alivaa peke yake chumbani, akatoka, akakaa kwenye kiti chake na hakusema neno. Alifariki mwaka uliofuata.

Msimamizi aliiona blauzi hiyo chuoni, ambako Dada hufundisha ushonaji asubuhi. Ndiye aliyemwambia kwamba hapo pana uzamivu. Miaka sita ikapita. Blauzi moja ikaleta nyingine kumi na moja, kila moja kwa mwili wake: wa mtu asiyeweza kuinua bega, wa mtu mwenye vidole visivyokunjika, wa mtu aliyeondolewa titi. Watu wa hospitali walishaanza kuulizia vielelezo vyake vya kukatia ili wawape wagonjwa. Na sasa kila kitu kilikuwa kimeegemea vitambaa ambavyo havipo.

Wazo lilikuwa langu. Nalisema mapema ili asibebeshwe mwingine.

"Si uliyafanya kweli?" nilimwambia.

"Niliyafanya."

"Na unakumbuka kila moja lilivyokuwa?"

"Nakumbuka mpaka rangi ya uzi."

"Basi yatengeneze tena. Huo si uongo, ni kurudisha."

"Ni uongo."

"Haya, ni uongo, lakini wa kitu cha kweli. Au unataka miaka sita iende na maji?"

Alinitazama kama mtu anayengoja asukumwe. Siku ya tatu akakubali. Hofu ilikuwa imeshamkondesha. Sketi yake ilimzunguka kiunoni na hakuipunguza, jambo ambalo kwa fundi ni dalili mbaya kuliko homa.

Taabu ikawa kwamba hakuweza. Alikaa akikusudia kukosea, na mkono ukakataa. Alitaka bega livute, likalala lenyewe. Alitaka kuingiza mkono wa blauzi kinyume, vidole vikaugeuza bila yeye kujua, na alipogundua alikuwa ameshamaliza. Mwisho wa wiki alikuwa na majaribio manne, na yote yanavalika. Alicheka mpaka akajifuta macho, kisha nikaona kwamba hacheki tena.

"Mdogo wangu, nimekwisha," akasema.

"Lete huku," nikamwambia. "Kukosea ni fani yangu."

Nikashona mimi. Majaribio hayapitishwi kwenye mashine, yanashonwa kwa mkono, mishono mirefu ya kushikilia kwa muda. Dada alikata kitambaa na kunieleza ni lipi lilikosewa wapi. La tatu lilibana shingo, la tisa liliacha kifua wazi, la kumi na sita lilihitaji mikono mitatu kulivaa. Nami nikalishona kila moja kwa ubaya niliojaliwa na Mungu. Kati ya mteja na mteja, kwa wiki mbili, nikamaliza ishirini na saba. Pamoja na yale manne yake yakatimia thelathini na moja. Tukayafua, tukayaanika juani siku kadhaa yachujuke, yaonekane ya miaka. Nikaandika tarehe kwenye vikaratasi kwa kalamu tofauti tofauti, nikijiona mjanja sana.

Dada aliyapanga kwenye boksi bila kuyatazama. Tangu siku hiyo, mtu akikohoa tu nje ya duka, alilisukuma boksi chini ya meza kwa mguu. Alijikata kidole mara mbili kwa siku moja, yeye ambaye sijawahi kumwona na plasta. Alisahau vipimo vya mteja wakati futi ingali shingoni kwa mteja huyohuyo. Mume wake, dereva wa malori, alirudi safari akanivuta pembeni kuniuliza kama Dada ni mgonjwa na anafichwa. Nikamwambia ni mitihani. Akasema katika maisha yake hajaona mtihani unaomfanya mtu mzima ashtuke simu ikilia.

"Mwanafunzi akinyoosha mkono darasani," Dada aliniambia, "naona anataka kuniuliza habari ya boksi."

Nilimchekesha, ndiyo kazi yangu. Lakini wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa naihesabu hatua. Nilichoogopa hasa si Dada kukosa shahada. Niliogopa asimamishwe mbele ya watu aitwe mwongo, yeye ambaye hata kifungo kikizidi humrudishia mteja, na aitwe hivyo kwa maneno yangu.

Mtihani ulikuwa saa nne asubuhi, ukumbini, wazi kwa watu. Ndugu tuliruhusiwa kukaa nyuma. Blauzi kumi na mbili zilining'inia kwa nyuzi nyembamba kutoka darini, na katikati palikuwa na meza ndefu yenye vipande vyetu, vimenyooshwa kwa pasi. Watahini walikuwa watatu: mwenyekiti, mwalimu mmoja wa chuoni, na mtahini mgeni, mama wa makamo mwenye mvi fupi ambaye alikuwa mfumaji wa vitambaa kabla hajawa profesa. Nilimwogopa tangu alipoomba maji ya kunawa kabla ya kugusa nguo yoyote. Wenzake waliingia na vikombe vya kahawa.

Dada alianza kwa sauti ya kukwaruza, akaeleza, akatulia. Alisimulia habari za Mama, mkono uliokufa, zile asubuhi za kuvalishwa. Akavaa blauzi moja mbele yao kwa mkono mmoja, wa pili ameuficha mgongoni, na watu wa nyuma wakaguna kwa kupendezwa. Mwenyekiti akaandika kitu huku anatabasamu. Nikaanza kupumua.

Ndipo mtahini mgeni alipoinuka kwenda mezani. Hakuvitazama vipande kwa nje. Alivigeuza, kimoja baada ya kingine, akipitisha kidole gumba juu ya mishono. Alichukua muda wake. Kisha akaenda kwenye blauzi, akafunua pindo la ya kwanza, la ya tano, la ya kumi na mbili. Akarudi mezani.

"Mishono ya mkono kwenye blauzi zote inalala kulia," akasema, kwa sauti ya kusoma orodha. "Na kwenye vipande hivi vinne pia. Hivi vingine ishirini na saba inalala kushoto. Aliyevishona anatumia mkono wa kushoto."

Mimi ni wa mkono wa kushoto. Nakula nao, nasuka nao, na shuleni nilichapwa kwa ajili yake. Sijui ilikuwaje wazo hilo lisitujie hata mmoja wetu. Nadhani Dada ameuona mkono huu maisha yake yote mpaka hauoni tena. Pale kitini niliukalia, mtu mzima na watoto wangu.

Mtahini mgeni akavua miwani, akaongea kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza.

"Umetuambia mama yako alibaki na mkono wa kushoto, na alikuwa fundi. Ni yeye aliyekushonea haya?"

Nilielewa mara moja. Dada alihitaji kuitikia kwa kichwa tu. Marehemu haitwi kutoa ushahidi. Kila mtu mle ndani alikuwa tayari kuamini, na wengine walishaanza kulainika nyuso, kwa sababu hadithi hiyo ingependeza kuliko ya kweli: mama mgonjwa anajifunza upya kushona kwa mkono uliobaki ili amsaidie binti yake. Nikaomba moyoni. Itikia, Dada. Itikia tu, tutatubu baadaye.

Dada alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Hapana," akasema. "Mama asingekubali mshono kama huu uitwe wake."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajikohoza.

"Ni wa nani basi?"

"Wa mdogo wangu, yule pale nyuma. Alishona mwezi uliopita, kwa maelezo yangu. Majaribio yenyewe niliyafanya kweli, thelathini na moja. Lakini niliyafumua yote, nikaogopa kuja mikono mitupu."

"Kwa nini uliyafumua?"

"Yasionekane."

"Na nani?"

"Na Mama," akasema. "Alipofariki, na mtu yeyote."

Tulitolewa nje. Tulikaa kwenye benchi la korido, tukiangalia ubao wa matangazo. Nikamfunika magoti kwa mtandio wangu. Nilimwambia anisamehe. "Nyamaza kwanza," akasema, si kwa ukali, ila kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa anayeogopa kimwagike. Baada ya dakika arobaini mlango ukafunguliwa.

Mwenyekiti alisoma kwenye karatasi na hakututazama. Hajafaulu. Vipande vile vimekataliwa, na jambo lenyewe litaandikwa kwenye faili lake. Kwa kuwa amekiri mwenyewe, hatafukuzwa, anapewa mwaka mmoja. Atatengeneza vazi la kumi na tatu tangu mwanzo, na kila jaribio litabaki kama lilivyo, bila kufumuliwa, lining'inie mahali watu wanapopita. Watakachosema watu kitaandikwa kwenye daftari. Sharti hilo la mwisho lilitoka kwa mtahini mgeni. Niliona ni ukatili, na mpaka leo sijaamua vinginevyo.

Dada akachagua koti la mtu anayeketi kwenye kiti cha magurudumu. Wiki ya tatu jaribio la kwanza likawa tayari, na lilikuwa baya kikwelikweli, mgongo umekunjamana na kupanda. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye wembe. Nilimwona kupitia upenyo wa pazia, nikasimama.

"Najua," akasema kabla sijafungua mdomo.

Akaurudisha wembe kwenye droo. Akapiga msumari ukutani, mkabala na mlango, akalitundika koti. Kisha akageuza kiti chake, akalipa koti mgongo, na alasiri yote alishona huku mabega yamepanda karibu na masikio. Kila mlango ulipolia alikanyaga mashine kwa kasi zaidi, asisalimiwe.

Siku mbili baadaye akaja karani wa benki, mteja wake tangu sina hata mtoto mmoja, mwanamke anayevaa kazi za Dada peke yake na kutuletea nusu ya wafanyakazi wenzake. Alikuwa na kitambaa kizito cha buluu, cha suti ya mahafali ya binti yake. Alikiweka mezani, akainua macho.

"Fundi, na hili? Mbona mgongo umejikunja hivi? Nani kashona?"

Mdomo wangu ukawahi kabla ya akili. "La mwanafunzi hilo, shoga," nikasema kutoka upande wangu. "Wa chuoni kwake."

"Nikasema mimi," karani akajibu. "Si mkono wako huu, Fundi."

Dada alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake.

"Ni mkono wangu," akasema. "Nimelikosea mimi. Mgongo nimeukata mrefu, mtu akikaa unampanda shingoni."

Karani alimtazama, akalitazama koti, akakitazama kitambaa chake. Akasema amekumbuka jambo, atarudi wiki ijayo kupimwa. Akakikunja kitambaa vizuri, akakitia kwenye mfuko, akatuuliza hali za watoto, akatuaga.

Dada akavuta daftari, akaandika tarehe na maneno ya karani. Herufi zilipanda na kushuka. Alipomaliza hakugeuka kutazama mlango.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Na kitambaa?"

"Na kitambaa."

Nilivuka pazia, nikamshika bega. Nikaanza kumwambia kwamba wateja ni wengi, kwamba yule naye ana maringo, kwamba kesho nitamfuata benki nimweleze vizuri.

"Usimfuate," akasema. "Na akija mwingine akauliza, nijibu mimi. Usinisemee tena."